Bibi Aliyestaafu Mara Tatu

  

Wiki iliyopita, baada ya darsa ya akina mama ya alasiri, mama mmoja alibaki nyuma wenzake walipokwisha kutawanyika. Mkononi alikuwa na karatasi ya shule. Alitueleza kwamba binti yake ametakiwa achague masomo atakayoendelea nayo, na moyo wa mtoto umeshikana na hesabu, fizikia na kompyuta. Babake hakukataa waziwazi, ila amesema kwamba hayo ni masomo ya wanaume, na kwamba mwisho wa yote binti ataolewa. "Sheikh," akatuuliza, "karatasi hii niirudishe na jawabu gani?"

Tulimwomba atupe wiki moja. Leo tunalitoa jawabu letu hapa, kwa kuwa tunajua si yeye peke yake mwenye swali hilo. Mtatuwia radhi tukipita njia ndefu kidogo, maana njia yenyewe inapita kwa bibi mmoja wa Marekani, afisa mstaafu wa jeshi la wanamaji, ambaye hakuwa Muislamu.

Huenda msomaji akauliza: kwani sisi tumekosa mifano yetu? Hatukukosa. Bibi Aisha (R.A.) alikuwa mwalimu wa masahaba wakubwa. Bi Shifaa binti Abdullah (R.A.) ndiye aliyemfundisha Bibi Hafsa (R.A.) kuandika. Mji wa Fes nao unamkumbuka Bi Fatima al-Fihri kwa msikiti wa Qarawiyyin, uliokuja kuwa chuo kikuu. Mifano hii tumeitaja mara nyingi, na kila tukiitaja twajibiwa kwamba hao walikuwa watu wa zamani, na kwamba kompyuta ni jambo jingine. Basi leo tumemchagua mtu wa kompyuta hasa. Hikma ni kitu kilichompotea Muumini. Popote akikiona, huinama akakiokota.

Jina lake alilozaliwa nalo ni Grace Murray. Alizaliwa mjini New York tarehe 9 Disemba 1906. Mamake alikuwa mpenzi mkubwa wa hesabu, lakini alipokuwa msichana aliruhusiwa kusoma jiometri tu. Aljebra ilihesabiwa kuwa si somo linalomstahiki binti wa watu. Tulizingatie jambo hili. Aljebra ni elimu ambayo hata jina lake ni la Kiarabu, limetoka katika kitabu cha al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad aliyeishi zaidi ya miaka 1,100 iliyopita. Na neno algorithimu, ambalo mafundi wa kompyuta huliita kila utaratibu wa kukokotoa, limetokana na jina lake mwenyewe. Elimu hiyo alinyimwa msichana wa Kimarekani kwa hoja ile ile tunayoisikia leo katika mitaa yetu. Kumbe hoja hiyo haikutoka katika dini. Ni mazoea ya watu, na mazoea hayo yamezunguka dunia nzima.

Babake Grace alikuwa mfanyakazi wa bima, na maradhi ya mishipa yalimfanya akatwe miguu yote miwili. Mtu mwingine katika hali yake angesema kwamba mzigo wake unamtosha, wasichana na waolewe. Yeye aliona kinyume chake. Kwa kuwa hakujua afya yake itamfikisha wapi, alitaka kila mmoja katika watoto wake watatu, wa kiume na wawili wa kike, aweze kusimama mwenyewe ikiwa baba hayupo. Baba asiyekuwa na miguu ndiye aliyewataka binti zake wasimame.

Grace alipokuwa na miaka 7 alitaka kujua saa ya kuamshia inafanyaje kazi. Akaifungua moja, vyuma vikamtawanyika. Akafungua ya pili apate kuona ya kwanza ilivyokuwa, halafu ya tatu, hata zikafika saa 7. Mamake alipogundua hakumpa kipigo wala hakumwambia kwamba mtoto wa kike hachezi na vyuma. Alimwekea mpaka tu: tangu siku hiyo ana ruhusa ya saa moja. Huo ni ulezi unaozuia uharibifu bila ya kuizima akili.

Wala msidhani kwamba mambo yalimnyookea. Alipotaka kuingia chuo cha Vassar akiwa na miaka 16, alianguka katika mtihani wa Kilatini, akalazimika kungoja mwaka mzima. Akaingia, akahitimu mwaka 1928 katika hesabu na fizikia. Kisha akaenda chuo kikuu cha Yale, akapata shahada ya pili mwaka 1930, na mwaka 1934 akapata udaktari wa hesabu. Binti wa yule mama aliyenyimwa aljebra sasa alikuwa daktari wa elimu hiyo, akisomesha hesabu katika chuo kile kile cha Vassar. Mwaka 1930 aliolewa na mwalimu mwenziwe, Vincent Hopper, na jina hilo la Hopper akabaki nalo hata baada ya kuachana mwaka 1945. Hawakujaaliwa mtoto.

Marekani ilipoingia katika Vita vya Pili vya Dunia mwishoni mwa mwaka 1941, Bi Grace alitaka kujiunga na jeshi la wanamaji, ambamo babu wa mamake alikuwa admirali. Alikataliwa. Walimwambia umri umempita, uzito wake haufikii kiwango, tena kazi ya kusomesha hesabu ni muhimu kuliko jeshi. Hakunyamaza. Aliomba ruhusa maalumu, na mwezi wa Disemba 1943 akaapishwa kuwa askari wa akiba. Katika mafunzo ya uafisa alikaa darasa moja na vijana wa umri wa wanafunzi wake, na mwaka 1944 akatoka wa kwanza, akiwa luteni.

Alitarajia kazi yoyote, lakini walimpeleka chuo kikuu cha Harvard, ambako jeshi lilikuwa na mashine iliyoitwa Mark I. Ilikuwa na urefu wa mita 15 na zaidi na uzito wa takriban tani 5, na ilikuwa miongoni mwa kompyuta za mwanzo kabisa duniani. Leo simu iliyo ndani ya pochi ya mama sokoni Marikiti inaishinda mara nyingi zisizohesabika. Luteni Hopper akawa miongoni mwa watu wachache waliojua kuiamrisha, na akatakiwa akiandike kitabu cha maelezo yake. Kitabu hicho, chenye zaidi ya kurasa 500, kilichapishwa mwaka 1946.

Hapa tunasimama kidogo, kwa sababu ukweli ni amana. Mashine ile ilikokotoa majedwali ya kulengea mizinga, na katika mwaka 1944 ililetewa pia hesabu za siri kuhusu mlipuko. Hesabu hizo zilikuwa sehemu ya kazi ya bomu la atomiki, la aina ile iliyoangushwa Nagasaki Agosti 1945. Waliokuwa wakiiendesha mashine hawakuambiwa hesabu zile ni za nini. Ndiyo sababu Mtume wetu (S.A.W.) alitufundisha kujikinga kwa Mwenyezi Mungu na elimu isiyonufaisha. Hatumtaji bibi huyu ili tuyasifu majeshi. Twamtaja kwa sababu kisa chake kinatuonyesha pande zote mbili: kisu kimoja hukata mkate na hukata mkono. Dawa yake ni kumfunza mtoto kisu ni cha nini, si kukificha na nyumba ikakosa mkate.

Kuna kisa kingine kinachosimuliwa sana juu yake. Mwezi wa Septemba 1947, mashine ya pili, Mark II, ilisita kufanya kazi. Mafundi walipoichungulia wakamkuta nondo amekwama ndani ya swichi yake. Wakambandika katika daftari ya kazi kwa utepe, wakaandika kwamba mdudu amepatikana. Wengi husema kwamba Bi Grace ndiye aliyemtoa nondo huyo, na kwamba tangu hapo ndipo kosa la kompyuta lilipoitwa mdudu kwa Kiingereza. Yote mawili si sahihi. Waliomtoa ni wenziwe, na mafundi walikuwa wakiliita kosa la mashine mdudu tangu zamani. Yeye alikuwa msimulizi mzuri, na kisa kikashikana na jina lake. Sisi tuliofunzwa kuuliza khabari imepokewa kwa nani, tusimzidishie mtu hata kwa wema.

Kazi yake kubwa ilikuja baadaye, naye tayari yumo katika kampuni ya kompyuta huku akibaki askari wa akiba. Wakati huo aliyetaka kuiamrisha kompyuta ilimbidi aandike safu ndefu za tarakimu, lugha ya mashine, ambayo wataalamu wachache tu waliielewa. Bi Grace akajiuliza: kwa nini mwanadamu ajifunze lugha ya mashine, na mashine yenyewe yaweza kuamrishwa ifasiri? Mwaka 1952 akawa na programu ya kwanza ya namna hiyo. Tuseme alimtia mtarjumani ndani ya kompyuta. Watu hawakumsadiki. Programu ikawa inafanya kazi na hapana aliyetaka kuigusa, kwani walishajiaminisha kwamba kompyuta hufanya hesabu tu. Alipotaka kuendelea hadi amri zitolewe kwa maneno ya Kiingereza cha kawaida, waliona ni muhali zaidi. Akaendelea. Lugha aliyoitunga na wenziwe ikawa msingi mkubwa wa lugha iitwayo COBOL, iliyotengenezwa na kamati mwaka 1959, naye akiwa mshauri. Lugha hiyo imebeba kazi za benki na serikali duniani kwa miongo mingi, na mpaka leo haijazikwa.

Sasa twafika kwenye kustaafu. Mwisho wa mwaka 1966, akiwa kamanda mwenye umri wa miaka 60, jeshi lilimwandikia kwamba muda wake umekwisha. Alistaafu kwa huzuni kubwa. Haikupita hata miezi minane, jeshi likampigia hodi. Programu zake za kompyuta zilikuwa zimetawanyika, kila kituo na lahaja yake, na hapana aliyeweza kuzileta pamoja. Agosti 1967 akaitwa arudi kwa miezi 6. Miezi hiyo 6 ikawa miaka. Mwaka 1971 akastaafu mara ya pili, na mwaka 1972 akaitwa tena. Mwaka 1973 akawa kapteni. Mwaka 1983, kwa idhini maalumu ya Rais Ronald Reagan, akapandishwa daraja ya nyota moja, na mwaka 1985 jina la daraja hiyo likabadilishwa kuwa la admirali. Hivyo mjukuu alilifikia jina la cheo cha babu yake, akikaribia miaka 79.

Katika miaka hiyo alizunguka akisomesha, na hapa sisi walimu wa chuoni tuna la kujifunza. Ofisini mwake alitundika saa iliyozunguka kinyumenyume. Wageni walishangaa, kisha wakagundua kwamba inasomeka sawasawa ukiizoea. Alitaka waone kwamba mengi tunayoyadhani ni lazima ni mazoea tu. Tena alikuwa akibeba vipande vya waya, kila kimoja kikiwa na urefu wa karibu sentimita 30, sawa na rula ya mwanafunzi. Huo, aliwaambia, ndio mwendo wa mwisho ambao umeme unaweza kwenda katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Akiulizwa na maadmirali kwa nini ujumbe wa setilaiti unachelewa, aliwaonyesha ule waya, kisha akawaambia wafikirie ni vipande vingapi kutoka hapa hadi angani. Jambo lisiloshikika akalitia mikononi mwa watu. Mwalimu hasa ni huyo. Mwanafunzi akishindwa kuelewa, mwalimu aitazame kwanza njia aliyomfundishia kabla ya kuunyanyua mkwaju.

Tarehe 14 Agosti 1986 alistaafu mara ya tatu, akiwa na miaka 79, afisa mwenye umri mkubwa kuliko wote waliokuwa kazini katika jeshi lile la wanamaji. Sherehe ilifanyika Boston juu ya merikebu Constitution, iliyoshushwa majini mwaka 1797 na inayohifadhiwa hadi leo: bibi mkongwe akiagwa juu ya jahazi kongwe. Hakurudi nyumbani kukaa. Alichukuliwa na kampuni ya kompyuta awe mshauri, akaendelea kuwahutubia vijana mpaka alipofariki tarehe 1 Januari 1992, akiwa na miaka 85. Jeshi lilimpa jina lake manowari iliyoanza kazi mwaka 1997. Mwaka 2016 Rais Barack Obama alimtunuku nishani ya juu ya raia, naye hayupo. Mwaka 2017 chuo kikuu cha Yale kikaliondoa katika moja ya nyumba zake jina la mwanasiasa mtetezi wa utumwa, kikaliweka la Grace Hopper. Alipokuwa hai, akiulizwa ni kazi gani anayojivunia, alikuwa akiwataja vijana aliowafundisha. Yule asiyejaaliwa mtoto aliacha watoto wasiohesabika.

Ndugu zetu, kisa hiki hatukukileta kiwe hadithi ya kupumbazia jioni. Kimetugusa sisi wenyewe. Miaka mingi iliyopita, baba mmoja alitujia na swali kama la mama wa wiki iliyopita. Tulikuwa na haraka, adhana ya Magharibi inakaribia, na tulimjibu kwamba binti ameshajua kusoma na kuandika, hayo yanamtosha. Akatusikiliza, akamtoa shule. Binti yule leo ni mama mwenye heshima zake, ana kibanda cha mahamri na mbaazi, na hesabu za madeni ya mtaa mzima anaziweka kichwani bila ya daftari, wala hakosei hata shilingi. Kazi yake ni ya halali na twaistahi. Lakini kila tukimwona akijumlisha kwa wepesi ule, twajua kwamba akili ile tuliifungia mlango kwa jawabu la dakika mbili. Tumemwomba Mwenyezi Mungu atusamehe, na yeye mwenyewe tumemwomba. Alitusamehe akicheka, na kicheko kile kilituuma kuliko lawama.

Kwa hivyo, mama, hili ndilo jawabu letu. Mrudishie mwalimu karatasi na masomo aliyoyataka binti yako. Amri ya kwanza aliyoteremshiwa Mtume wetu (S.A.W.) ilikuwa ya kusoma, na haikuwabagua wanaume na wanawake. Stara yake, swala zake na adabu zake mshikizeni kama mnavyomshikiza. Hesabu haijapata kumvua mtu buibui. Kuhusu kuolewa, inshaallah ataolewa, na elimu yake itaingia naye katika nyumba hiyo, na kama Mungu atamjaalia watoto, hatakuwa na haja ya kuwatafutia mwalimu wa hesabu. Na baba watoto, tunakuomba umfikirie yule baba asiyekuwa na miguu. Hakuna anayejua atakuwepo hadi lini. Urithi wa nyumba na mashamba huweza kugombaniwa. Elimu iliyomo kifuani mwa binti haigawiwi wala haidhulumiwi.

Tuna neno jingine kwa wenye wazee nyumbani. Katika utumishi wa serikali yetu mtu hustaafu akiwa na miaka 60. Twawajua walimu, wauguzi na mabaharia wa bandari waliofika umri huo, wakaagwa kwa chakula na zawadi ya saa ya ukutani, kisha wakaachwa barazani kama kiti kilichovunjika mguu. Bibi huyu alifanya kazi miaka mingi baada ya kuambiwa muda umekwisha. Basi mzee wako akitaka kukusimulia, msikilize. Mpeni wajukuu awafundishe. Na wewe mwenyewe uliyestaafu, usingoje kuitwa na jeshi. Chuo cha mtaa kina watoto 40 na mwalimu mmoja, na mlango wake hauna kufuli.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa, awahifadhi binti zetu, na awape wazee wetu umri wenye kheri. Amin.

Wabillahi tawfiq.